Nazi ya Treni ya Saa Nne na Dakika Kumi

Asubuhi ya Dasara, sikukuu ya Kihindu ya kubariki zana na mashine, wakubwa wa kituo chetu waligundua jambo zito: Suvarna Ghorpade ni mwanamke.

Miaka minane alikuwa msaidizi wa dereva wa treni na hakuna aliyeshtuka. Siku hiyo alipangiwa kuendesha mwenyewe treni ya abiria ya saa nne na dakika kumi kwenda mji wa Miraj, mwanamke wa kwanza kwenye njia yetu. Barua ya makao makuu ilisema wazi: akichelewa kuondoka, arudi kwenye usaidizi. Madereva wanaume huchelewa kila wiki, ila wao huchelewa kitaalamu.

Tatizo lilikuwa nazi. Siku ya Dasara, anayeendesha ndiye anayepasua nazi mbele ya injini, la sivyo treni haing'oki. Na kwetu mwanamke hapasui nazi ya ibada. Ya mchuzi apasue hata kumi, miungu haina kinyongo, maana wanaume wana njaa.

"Binti yangu, mimi sina neno," alisema Mzee Vishnupant, mkuu wa madereva. "Ila mila ni mila. Mwachie Prabhakar safari hii moja tu."

Prabhakar ni mpwa wake. Kwa bahati tu alikuwa amesimama papo hapo kando ya reli, sare imepigwa pasi.

"Je, mtu akinipasulia?" Suvarna aliuliza.

"Haifai. Sharti anayeendesha."

"Basi nipasue mwenyewe."

"Haifai. Wewe mwanamke."

Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Mimi ni karani wa tiketi na hayo hayanihusu, lakini hasira zilinipanda, nikafunga dirisha langu na kutoka.

"Mzee, siku hizi injini inatumia nazi badala ya umeme?"

"Wewe mama, rudi ukakate tiketi."

Suvarna aliichukua nazi, akaiweka juu ya reli mbele ya gurudumu, pale tunapoweka ndimu ya kuondoa mkosi kila mwaka. Akawaambia wasogee. Kisha akapanda, akapiga honi, akaachia breki.

Nazi ikapasuka kah. Maji yakaruka na kuilowesha sare ya Prabhakar, pasi na yote. Saa ya kituo ilionyesha saa nne na dakika kumi kamili. Machozi yalinitoka na sikuyaonea haya.

"Mwanamke kapasua nazi," Mzee alinung'unika.

"Hakupasua yeye, Mzee. Imepasua treni," nilimwambia.

Alifikiri, akapumua, uso ukamkunjuka. "Kweli. Imepasua treni. Hapo sawa."

Ningenyamaza, lakini sikuumbwa hivyo. Lugha yetu, Kimarathi, hugawa kila kitu, hata kijiko, kuwa cha kiume au cha kike.

"Mzee, na treni ni ya kiume au ya kike?"

Akageuka kumpangusa Prabhakar sare. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba treni ni ya kike. Nazi ndiyo ya kiume.