Baba Mkwe Aondoka na Jeneza Lake

Daktari alipoiambia familia ijiandae, wenzake walijiandaa kulia, naye seremala akajiandaa kuranda mbao. Yeye ndiye aliyekuwa mkwe mwenye karakana, na baba mkwe wake alikuwa mrefu kama mlingoti. Jeneza la kawaida lisingemtosha hata akunjwe mara mbili. Basi akampima mgonjwa kimyakimya usingizini, akachagua mbao ngumu, akazipiga msasa mpaka zikateleza kama sahani. Vanishi ilikuwa bado haijakauka mzee alipofumbua macho, akaomba chai, kisha akalalamika kwamba sukari ni kidogo.

Familia ilishangilia. Seremala naye alishangilia, ila alibaki na jeneza lisilo na mwenyewe. Kwa urefu ule, halikumfaa marehemu mwingine yeyote. Likakaa karakanani miezi, wateja wakija kuagiza kitanda wanaliona, wanakumbuka wana haraka.

"Hilo dude litoke," mkewe alimwambia. "Kila nikikuletea chakula naona kama baba yangu amelala humo."

"Si yuko nyumbani kwake, anakula kukushinda?"

"Ndiyo maana litoke!"

Mchana mmoja mgongo ulimbana. Ulikuwa umemsumbua mwaka mzima. Baiskeli yake aliitazama tu ukutani, maana kuinamia usukani kulikuwa mateso. Alitafuta pa kujinyoosha, akaona hapana pengine, akaingia ndani ya jeneza. Akaegemea ubao wa kichwani, miguu mbele. Maumivu yakatulia kabisa. Akalala hapo kama mfalme, akiitazama baiskeli yake, na wazo likamjia hata hakulikaribisha.

Jirani yake alikuwa fundi wa kuchomelea, aliyeitwa Miwani kwa sababu hakuwahi kuivaa kazini. Aliposikia mpango ule hakuuliza kwa nini. Aliuliza injini.

Waliipata kwenye pampu ya maji iliyopasuka tumbo lakini moyo mzima. Wakakata baiskeli mbili mbovu, wakachomelea fremu ya vyuma: magurudumu mawili mbele, moja nyuma. Jeneza likakaa juu yake, bila kifuniko. Upande wa miguuni wakatoboa nafasi ya pedali, za kuanzia mwendo. Injini ikawekwa nyuma ya kichwa, na mkanda wake ukashuka kwenye gurudumu la nyuma. Ukivuta kipini mkanda unakaza, chombo kinaondoka. Usukani ulikuwa kipande cha bomba ubavuni. Breki ilikuwa moja, nayo ilifanya kazi ikipenda.

Safari ya kwanza muuza maziwa alitupa madumu akaruka mtaro. Njia panda, askari wa barabarani aliinua mkono kulisimamisha. Akaona jeneza linakuja lenyewe, linatoa moshi, miguu inazunguka. Akaushusha mkono polepole, akavua kofia. Seremala alimpungia. Askari hakuipenda ile salamu hata kidogo.

Habari hizo zilimfikia mwenye vipimo. Siku ya tatu mzee akaingia karakanani na fimbo yake.

"Shikamoo, baba," seremala alisema, macho chini.

"Marahaba. Nasikia unatembelea jeneza langu."

"Lilikuwa limekaa tu, baba."

"Na vipimo vyangu ulivipata wapi?"

"Nilikupima umelala."

"Nikiwa hai?"

"Ulikuwa hai kidogo, baba."

Mzee alicheka mpaka akaishika meza ya kurandia. Tangu augue hakuna aliyemsikia akicheka hivyo, na seremala akajikuta anacheka naye, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu mbele ya mkwe. Kisha mzee akaingia, akajinyoosha. Alitosha bila kupungua wala kuzidi. Miwani, aliyekuwa akisubiri ruhusa ya mtu yeyote, akawasha injini.

"Mdogo wangu alichukua koti langu nilipokuwa mahututi," mzee alisema kwa kelele. "Nikimtumia mtu, anasema hakumbuki. Hiki kipini cha nini?"

"Usikivute kwanza, baba, nikueleze bre—"

Alikivuta. Likatoka mlangoni likiwa na yeye, na kipande cha mlango.

Mkewe seremala alifika na chakula vumbi likiwa bado linatua. "Baba amesema anakuja huku. Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameondoka vipi?"

"Na jeneza."

Bakuli likaanguka. "Mke wangu, si kwa ubaya!" seremala alipiga kelele, lakini alikuwa akimwambia mgongo; mkewe alishashika njia, kanga mkononi. Wakamfuata. Hawakuhitaji kuuliza mzee alikopita: kila walipofika watu walikuwa wamesimama midomo wazi, wote wakinyoosha kidole upande mmoja.

Walimkuta nyumbani kwa mdogo wake. Breki ilikuwa imekataa, kwa hiyo mzee alisimamishwa na ua wa michongoma. Alikuwa ameketi wima ndani ya jeneza, moshi umemzunguka, majani kichwani. Mdogo wake alijifungia ndani, akipiga mayowe dirishani.

"Kaka, nilikulilia! Waulize wote, nililia kuliko wote!"

"Koti langu!"

Koti likarushwa nje. Halafu viatu. Halafu saa, mkanda, taulo na pasi, vitu ambavyo mzee mwenyewe hakujua vimepotea. Mwisho ikatoka pima-maji ya seremala, ya kupimia usawa wa mbao, ile aliyomshuku Miwani miezi minne kuwa ameiiba. Miwani akaiokota, akamkabidhi mwenyewe. Seremala akaomba radhi papo hapo, na ikabidi aiombe mara ya pili, kwa sauti.

Mkewe alimfuta baba yake majani, akilia na kucheka kwa zamu. "Shuka, baba. Tutembee."

"Nishuke kwenye kitu changu? Nisukumeni nitoke kwenye miba."

Wakamsukuma. Aliondoka akiwa amevaa koti, redio ya mdogo wake magotini, aliyoichukua kama faini.

Asubuhi iliyofuata seremala alimkuta nje ya karakana kabla hajafungua. Mzee alitaka breki ya pili, honi, na mto wa kichwani. Seremala alijua chombo hakitarudi kwake tena. Alitoa kalamu ya risasi sikioni, akamwuliza mto auweke wa rangi gani.