Mnunuzi wa Zamuni

Katika nchi ya Zamuni hakuna raia aliyemiliki nyumba ya mapumziko. Watu walimiliki majuma. Mtu alinunua siku saba za kila mwaka katika Kasri la Starehe, juu ya Mlima Ghururi, akakabidhiwa hati yenye nta nyekundu, na tangu siku hiyo akalipa ada ya matunzo, aende asiende. Hati haikufa na mwenyewe. Wanawe waliirithi pamoja na ada yake. Kuinunua kulikuwa rahisi kama kumeza mate, na kuiuza kulikuwa sawa na kumkama beberu.

Desturi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Huko aliyetapeliwa ndiye aliyeona haya, si tapeli. Kila mmoja aliusitiri msiba wake, akidhani ndiye mjinga wa pekee nchini, na kwa sitara hiyo walaghai wakanawiri.

Asubuhi moja Bi Hadhari, mshonaji na mama wa watoto watatu, alikuwa akikoroga uji alipomwona mumewe, Bwana Sadiki, akitoka na cherehani kifuani. Cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha.

"Unaipeleka wapi, Baba Azma?"

"Sokoni. Nimepata mnunuzi wa juma letu kwa vipande mia tisa vya fedha. Wakili Kauliasali anataka ada ya muhuri, vipande thelathini, kabla ya adhuhuri, la sivyo mnunuzi ataghairi."

"Hii ni ada ya kwanza?"

Sadiki akatazama ukuta. "Ya tatu."

"Kumbe wale mbuzi wetu hawakuibwa, uliwauza."

"Hawakuibwa, Mama Azma."

Kila nyumba ya Zamuni ilikuwa na kioo kinenacho, ambamo sauti za mbali zilibisha hodi pasipo nyuso. Wakati huo huo kioo kikalia. Hadhari akakiwahi, akaitika.

"Mama mheshimiwa," ikasema sauti, laini kama samli, "jua linapanda. Ada imo njiani?"

"Haimo. Juma letu unaliuza vipande mia tisa, na ada yako ni thelathini. Basi ikate humo humo, utuletee kinachobaki."

"Sheria hairuhusu, mama."

"Sheria ipi? Nitajie, nikamuulize Kadhi."

"Mambo haya ni siri. Ukimweleza mtu, mauzo yanabatilika."

"Mnunuzi mwenye mali haombi nauli kwa muuzaji, bwana. Nionyeshe mtaa wa ofisi yako, nije kwa miguu yangu."

Kioo kikafifia, kikawa cheusi. Sadiki akaweka cherehani chini, naye akakaa kando yake. Kabla hajapumua, kioo kikalia tena. Safari hii sauti ilikuwa nzito, ya kiofisa: "Tumepata habari kwamba mmetapeliwa. Tutawarejeshea mbuzi wenu, kwa ada ndogo tu."

Hadhari akakifunika kwa kanga.

"Wamejuaje upesi hivyo?" akauliza Sadiki.

"Nani mwingine anajua, isipokuwa aliyewala? Inuka, twende Barazani kwa Kadhi."

"Watatucheka."

"Wacheke. Mficha uchi hazai. Hebu nieleze njiani yote aliyokwambia, usibakize neno."

Barazani Kadhi Insafu aliketi juu ya kiti cha mpingo, na watu walijaa hadi uani. Hadhari akasimama, akasimulia tangu mwanzo. Alipofika kwenye ada ya pili, kicheko kikazuka nyuma.

"Mbuzi wameliwa na kioo," akasema mmoja. "Wangeliwa na fisi, angalau mngeona mifupa."

Hadhari hakugeuka. "Alimwambia mume wangu kwamba mnunuzi ni tabibu wa macho kutoka ng'ambo, na kwamba mkewe..."

"Anaugua mapafu," akamalizia Kadhi taratibu, "na anahitaji hewa ya mlimani."

Kicheko kikakatika. Watu wakamtazama Kadhi, naye akayatazama magoti yake.

"Nami niliyahurumia mapafu hayo," akasema mzee mmoja karibu na mlango. "Shamba langu limekwenda." Mwanamke aliyekuwa mbele yake akainamisha kichwa, kisha akanyoosha mkono polepole. Ikafuata mikono mingine, na mmojawapo ulikuwa wa yule aliyefanya mzaha.

"Teremka, mheshimiwa," akasema Hadhari, "ukae huku pamoja nasi. Tuanze na wewe. Ulilipa mara ngapi?"

Kadhi akavua kilemba, akashuka ngazi moja moja.

"Mara saba," akasema.