Alama Tano za Daraja la Tansy

Mimi ni mkaguzi wa madaraja katika kaunti yetu huku Pennsylvania, na sina subira na mtu anayekagua kwa macho tu. Chuma hugongwa kwa nyundo. Kikiwa kizima kinalia. Kikiwa kimeliwa na kutu kinatoa sauti nzito, fupi.

Jumanne ile, chini ya daraja la kijito cha Tansy, niligonga bamba linaloshikanisha boriti mbili kuu. Nyundo ikazama. Pigo moja tu, nikaona mwanga upande wa pili.

Nikafungua ripoti ya miaka miwili iliyopita: alama tano kati ya tisa, hali ya kuridhisha. Ya kabla yake, tano. Ya kabla yake tena, tano. Wakaguzi tuna ugonjwa wetu: tunakwenda kazini na ripoti ya zamani mkononi, na alama ikishaandikwa, tunaona uvivu kuibadili. Sahihi kwenye ile ya miaka miwili iliyopita ilikuwa yangu. Mvua ilinyesha siku hiyo, nikanakili alama ya zamani. Nilijichukia.

Nilimpigia bosi wangu, Wendell Stroud, nikamwambia daraja lifungwe sasa hivi. Akasema amri hutolewa na makamishna wa kaunti, nao wanakutana Alhamisi. Nikamkumbusha kwamba basi la shule linapita saa tisa na nusu alasiri. Akauliza kama nimepima unene wa bamba. Nikamjibu kwamba tundu halina unene.

"Marlys, usinitafutie balaa," akasema. "Ukilifunga bila amri, mimi simo."

"Sawa. Nalifunga."

Upande mmoja nikapanga koni na utepe. Upande wa pili nikaegesha gari langu kwa ubavu, nikakaa juu ya boneti. Wakulima wawili waligeuza malori yao wakinitukana. Niliwaacha waseme mpaka wachoke.

Saa tisa na nusu basi likafika, limejaa watoto. Dereva wake, mzee Orrin Batdorf, akashuka amefura. Kuzunguka ni maili kumi na tisa.

"Asubuhi nimepita hapa, halikutikisika hata kidogo," akasema. "Na mlishalikagua nyinyi wenyewe. Nani alilipitisha?"

Ningeweza kusema "ofisi". Neno lilishafika mdomoni.

"Mimi," nikamwambia. "Nililipitisha bila kuligonga."

Orrin aligeuka akawatazama watoto madirishani, midomo yake ikihesabu kimyakimya.

"Mara mbili kwa siku," akasema. "Miaka miwili."

Akapanda, akaanza kurudi kinyumenyume.