Uso Unatazama Dirishani

Krrr, tu. Krrr, tu. Rili ya uzi ilibingirika sakafuni gizani, ikagonga mguu wa kabati, ikarudi.

"Mirka, hata mwoka mikate bado amelala," Jagna alisema bila kufumbua macho.

"Mimi nimeamka," binti yake akajibu, na rili ikaenda tena.

Jagna akacheka kimoyomoyo. Alilala vizuri, na yeye mwenyewe alishangaa, maana siku hiyo ndiyo angejua kama anabaki na chumba chake au anafungasha. Kilikuwa ghorofa ya juu ya kiwanda cha zamani cha nguo, hapo hapo mjini Łódź. Siku hizi palipokuwa na mashine wamekaa wachoraji, wafinyanzi na wachongaji. Yeye, mfumaji wa picha, alipewa chumba kwa majaribio. Kila vuli kuna Jumamosi ya milango wazi: watu wa mji hupita kutazama kazi, na Bwana Gracjan, mwenyekiti wa jumba, hupita nao akiamua nani abaki. Jagna akikosa, basi, hana pa kufumia. Kitanda chake cha kufumia husimama wima, na kwa urefu kinaipita dari ya nyumbani kwao.

Asubuhi nzima watu walikuja, na wote walifanya vilevile: kichwa mlangoni, jicho la haraka, "Aa, bado hujamaliza," wakaenda zao. Mfumaji wa picha hufanya kazi akiwa nyuma ya picha. Kwa hiyo kilichotazama mlango kilikuwa mgongo wa picha, mafundo matupu na nyuzi zinazoning'inia kama ndevu za mbuzi. Uso ulitazama dirishani.

Halszka, mfinyanzi wa chumba cha pili, aliingia na udongo mkavu mikononi, anatafuna tango la achari.

"Shoga, geuza hicho kitanda. Watu wanadhani unafuma ufagio."

"Nikikigeuza nitalipa dirisha mgongo, nifume kwenye kivuli changu mwenyewe."

"Leo tu. Gracjan yuko kwa yule mchoraji wa farasi, wanacheka mpaka huku wanasikika."

"Waache wacheke. Anayetaka kuona kazi yangu ataingia."

"Haya, malkia. Vyungu vyangu vina uso kila upande," Halszka akasema, akarudi kwake.

Haukupita muda, Bwana Gracjan akatokea mlangoni, koti mkononi, macho yameshatangulia chumba kinachofuata.

"Bi Jagna, hongera kwa kazi," akasema, akanyoosha mkono kuaga.

Jagna akasogea, akasimama hatua chache kutoka mlangoni, akaficha mikono mgongoni.

"Samahani, Bwana Gracjan. Juu ya kizingiti siwezi. Tutagombana mwaka mzima."

Mkono ukabaki hewani. Aliyelelewa na bibi yake katika nchi ile hampi mtu mkono huku kizingiti kiko katikati yao; huingia kwanza, ndipo akasalimia. Haraka tu ndiyo iliyomsahaulisha Bwana Gracjan. Masikio yakamwiva.

"Marehemu mama angenizaba kofi," akasema, akavuka.

Wakapeana mikono. Jagna hakuuachia upesi.

"Umeshaingia sasa. Zunguka, uso uko dirishani."

Akazunguka. Mirka, aliyekuja na mama yake tangu asubuhi, alikuwa chini ya kitanda cha kufumia na rili yake. Akavuta miguu kumpisha.

Kwenye picha lango la kiwanda kile kile lilikuwa wazi, na wanawake wa zamu walikuwa wanatoka, mabega meupe kwa vumbi la pamba, kila mmoja na sura yake. Mmoja ameinama anamfunga mtoto kamba za kiatu, na wenzake wanampita kushoto na kulia bila kumsukuma. Mwanga wa dirisha uliwaangukia wote.

Bwana Gracjan akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaketi juu ya kreti ya nyuzi, koti likamponyoka mkononi.

"Chumba hiki nilikuwa nimeshamwongezea yule mchoraji wa farasi," akasema. "Moyoni."

"Mnyang'anye," Jagna akasema. "Farasi wake wanaonekana hata kwenye korido."

Mzee akacheka mpaka kreti ikalia.

"Kitakuwa chako, Bi Jagna. Jioni nitawatangazia wote." Akakaa bado, anatazama, wala hakuonekana mtu mwenye haraka.

Alipoondoka, Jagna alirudi kwenye nyuzi zake. Halszka akachungulia, kichwa ndani, mwili nje.

"Haya, sema. Imekuwaje?"

Mirka akatambaa akatoka chini ya kitanda, rili kifuani.

"Shangazi, ingia kwanza."