Kiraka cha Kochi

Kochi lile bi harusi alilinunua bei chee kwa muuza samani chakavu, akalitandika kitambaa kuficha aibu. Sasa mama mkwe amelikalia. Fundi cherehani huyo, uzi ukienda upande anauona akiwa barabarani!

Mkono wa mkwe ukapenya chini ya kitambaa, ukaganda.

"Kiraka hiki kimetoka wapi?"

"Kimekuja na kochi, mama. Nisamehe, mfuko ulikuwa mwepesi..."

"Nani kakuuliza mfuko? Kiraka hiki nimekishona mimi. Kochi hili nilimpa wifi yako alipoolewa."

Mkwe akampigia bintiye simu, akafungua spika.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Huko kwema?"

"Kwema tupu! Hapa nimejinyoosha kwenye kochi lako, nimeshiba hata kuinuka siwezi."

Mkwe akakipapasa kile kiraka, kisha akakata simu taratibu na kusimama.

"Chakula ulichonipikia," alimwambia bi harusi, "kifunge chote. Twende kwake."