Kondomu za Dirishani

"...imepasuka, Precious! Pwaa! Jonathan wangu kakaa kitandani utadhani kamwagiwa ndoo ya maji ya ziwa!"

Winnie alikuwa amepanda kilima cha Mabatini mbio, maana habari ikimkaa tumboni humwasha kama upupu. Akaegemea dirisha la kioski cha mama yake Precious, anacheka huku anahema. Siku hizi za biashara huria kila dirisha duka, na kondomu yenyewe alikuwa ameuziwa na Precious, hapo hapo, jana.

"Punguza sauti, we! Mama yuko ndani."

"Cheka basi! Mwenzio niko kwenye siku za hatari, na chuo kikifunguliwa tu matroni anatupima mimba. Ukikutwa nayo, unafunga godoro unarudi..."

Hapo kicheko kikamkauka mwenyewe. Precious alikuwa anatazama chini.

Juu yao, kwenye uzi chini ya bati, pakiti za kondomu zilining'inia juani tangu masika, ili wapita njia wajue zinauzwa. Wekundu wake ulikuwa umepauka. Za kuuza zilikaa ndani sakafuni, penye ubaridi, chini ya kitanda cha mama. Kwenye ule uzi palikuwa na pengo.

"Precious. Umeniuzia ya dirishani?"

Precious akazungusha ncha ya kanga yake kidoleni.

"Si tulienda wote mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kuwafundisha wavuvi? Kipaza sauti si ulishika wewe? 'Jua linaozesha mpira, jamani, msianike kondomu kama dagaa!' Wakakupigia makofi!"

"Ningeingia kuchukua ya ndani, mama angeuliza ni ya nani. Unamjua mama. Nikasema, moja tu, haitakuwa na neno."

"Ukaifuta vumbi," Winnie alisema taratibu. "Nilikuona unaifuta kwa kanga. Nikadhani unaniheshimu."

"Samahani, mwenzangu. Niliogopa."

"Uliogopa kuulizwa swali! Mimi je, nitaulizwa mangapi?"

Pazia likafunuka, mama akatokeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Winnie mwanangu. Nasikia vishindo tu huku. Leo umetuletea habari gani?"

Precious alimtazama rafiki yake kwa macho ya kuomba. Winnie akayaona, akayapita.

"Ipo, mama, tena kubwa. Ila leo pumzi zimeniishia. Kesho asubuhi nakuja nikae nikuhadithie yote, na Precious awepo."