Mshenga wa Korpberg

Gaudiosa alikuwa ameapa kwamba Samwiri haondoki Korpberg. Aliapa mbele ya kocha, akarudia mbele ya kamati ya klabu, na ukimjua Gaudiosa unajua kwamba akishakaza shingo vile, unayebishana naye unajichosha bure.

Kazi yake ilikuwa kusuka kikosi. Korpberg ni timu ya mpira wa magongo wa barafuni, ligi ya pili, huku kusini mwa Stockholm, na yeye ndiye mkuu wa usajili: nani aje, nani aende, nani abadilishwe na nani. Alitoka Bukoba kuja kusomea takwimu, barafu akiijua ya kwenye soda tu. Leo hata wanaume waliozaliwa na kukulia kwenye mchezo huo hawamdanganyi kitu.

Msimu ule ulikuwa wa tabu tupu. Kipa wao aliumia goti, kipa wa akiba akawa anafungwa mpaka mabao ya aibu, na timu ikaporomoka hadi ikawa inachungulia daraja la chini. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Jumatatu mchana. Kipa wa kuwaokoa alikuwepo, tena mmoja tu. Norrvik, klabu ya mji mmoja wa kaskazini, walikuwa na makipa wawili wazuri, na mmoja wao alikuwa anasugua benchi. Mkurugenzi wao wa michezo, mzee mpole aitwaye Tord, alikuwa tayari kumtoa. Alichotaka badala yake ni Samwiri.

Kocha akasema mpe. Kamati ikasema mpe, tena haraka. Samwiri alikuwa mshambuliaji wa kati wa kundi la nne. Katika mchezo huu wachezaji huingia barafuni kwa makundi, wakipokezana kila baada ya muda mfupi, na kundi la nne ndilo linaloingia mara chache kuliko yote. Kumtoa mtu wa kundi la nne ukapewa kipa, jamani, hiyo ni kuokota dodo.

Lakini Gaudiosa alikuwa na hesabu zake. Alikuwa amepima kasi ya kijana, pasi zake, na jinsi anavyopora mpira kwenye magongo ya watu wakubwa kuliko yeye, akaona misimu miwili ikipita atakuwa kundi la kwanza. Halafu kulikuwa na hesabu nyingine, ambayo huwezi kuipeleka kwenye kamati. Samwiri ni mtoto wa Norsborg, kitongoji cha huku huku kusini, mwana wa Mirembe, Mganda aliyemlea peke yake huku akisukuma zamu za hospitali. Gaudiosa ndiye aliyemtafutia viatu vyake vya kwanza vya barafuni, akamfunga kamba kwa mikono yake. Watoto wa Hallunda na Norsborg walikuwa wameanza kuja uwanjani wakiwa na jina lake mgongoni. Na siku moja jikoni, akimenya ndizi, Mirembe alimwambia kwamba mtoto yule amemwachia yeye. Sasa unamtoaje mtoto uliyekabidhiwa namna hiyo?

Ijumaa Tord akashuka Stockholm, kwa kuwa timu yake ilikuwa na mechi huku. Wakakubaliana kuonana kwenye hoteli aliyofikia. Gaudiosa akiwa kwenye treni akaamua kwamba mazungumzo haya atayaendesha kama posa. Usicheke. Nusu ya ndoa za Watanzania kuanzia Skärholmen mpaka Norsborg yeye ndiye alikuwa mshenga, na anaijua ile kazi. Huanzi na neno lako. Unaisifu kwanza nyumba ya watu. Na huli wala hunywi kitu mpaka neno lako lijibiwe. Alipompelekea posa binti wa mama mmoja, Veneranda, chakula kilipoa mezani, wajomba wanameza mate, yeye katulia tuli akidai binti aitwe sebuleni, aulizwe mwenyewe kama anawajua wageni hawa na kama anaridhia. Mshenga wa upande wa mume kudai jambo kama hilo! Watu walinong'ona sana, lakini binti aliitwa.

Tord alikuwa ameagiza kahawa na mikate ya mdalasini. Gaudiosa akaanza kuisifu Norrvik, makipa wao, vijana wao, hata theluji yao. Kikombe hakukigusa. Alipolitaja neno lake, kipa, Tord naye akamtaja Samwiri. Gaudiosa akamjibu kwa upole kwamba huyo hayumo katika wanaozungumzwa. Tord akamsogezea kikombe. Akauliza kama angependa chai. Hapana. Maji je? Hapana. Nakwambia, Mswidi ukimkatalia kahawa yake ya mchana huku umetulia mbele yake, hajui tena mikono yake aiweke wapi. Mzee wa watu akawa mwekundu mpaka masikioni, akauliza kama amemkosea. Gaudiosa akasema hajakosewa, atakunywa wakielewana.

Hapo ndipo akalileta mezani jina la Lindvall, beki wake mkongwe. Lindvall alizaliwa Norrvik, wazazi wake walikuwa wamezeeka, na mwenyewe alishaomba kurudi kwao. Ukuta wa Norrvik ulikuwa unavuja, na Tord alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akakuna kichwa, akaangalia dirishani, akakiangalia tena kile kikombe. Mwishowe akakubali: kipa kwa Lindvall, karatasi zisainiwe Jumatatu asubuhi. Gaudiosa akainywa ile kahawa baridi yote kwa mkupuo mmoja.

Jumapili akaenda Norsborg na habari yake, kichwa juu. Mirembe alikuwa ameandaa matoke na mchuzi wa karanga. Aliposikia kwamba mwanawe habanduki, akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Samwiri akatokea chumbani, akamwuliza mama yake kwa Kiswidi kuna nini, mama akamweleza. Uso wa kijana ukasawijika.

"Anti," akasema, "wakala wangu aliniambia Norrvik wananitaka. Kundi la pili. Nilikuwa nangoja uniulize."

Gaudiosa akaanza kumpa hesabu zake: misimu miwili ya kuvumilia, kundi la kwanza, watoto wa Hallunda na jezi zao. Samwiri akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Hao watoto wananiona nimekaa benchi, anti."

Ikamwingia, tena ikamwingia pabaya. Kwa binti wa Veneranda, ambaye hata hakuwa amemzoea, alikataa hadi maji mpaka binti akaitwa. Kwa huyu aliyemfunga kamba za viatu alisifu nyumba ya watu, akasusa kahawa, akashinda, na mwenye maisha yake hakumwuliza hata neno moja. Alijionea aibu, nayo ilimuuma kweli. Mirembe alikuwa ameshaanza kulalamika: kaskazini huko ni giza tu, mtoto atapikiwa na nani, nani atamjua akiugua. Gaudiosa akaisukuma sahani yake kando.

Mirembe akamwuliza kulikoni, mbona hali. Akasema hatakula mpaka mtu mmoja ajibu. Akamwomba Samwiri atoke, arudi, akae pale kwenye kiti, mbele ya mama yake. Kijana akadhani ni mzaha, lakini alipomtazama usoni akafanya alivyoambiwa.

"Samwiri, kuna watu wametoka kaskazini wamekuja na neno," Gaudiosa akasema. "Unawajua?"

"Nawajua."

"Unaridhia kwenda kwao?"

Kijana akamwangalia mama yake. Mirembe alikuwa anakitazama kitambaa cha meza, anakinyoosha kwa kiganja ingawa hakikuwa na kunyanzi lolote. Samwiri siku zote akiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiswidi. Safari hii hakufanya hivyo.

"Naridhia, anti. Mama, naridhia."

Mirembe akalia. Gaudiosa naye akalia, ila yeye simu ilikuwa tayari mkononi. Akampigia Tord, aliyekuwa bado hotelini Stockholm, akamwambia kwamba Samwiri sasa anazungumzwa, lakini asidhani atampata kwa bei ya kutupa. Lile la kipa na Lindvall libaki kama lilivyo. Kwa Samwiri anataka yule winga wao wa kundi la tatu, na anataka Tord mwenyewe, kesho kabla ya kusaini, apande treni mpaka Norsborg, aje aseme na mama wa kijana ana kwa ana.

Tord alimkumbusha kwamba juzi tu alisema kijana hayumo katika wanaozungumzwa. Gaudiosa akasema ni kweli, tena aliapa, kabla hajamwuliza kijana mwenyewe. Winga, Tord akasema, sawa. Kuja, sawa. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshaungua mara moja, kama huko Norsborg atakaribishwa kahawa.

"Utakaribishwa," Gaudiosa akamwambia. "Ila usiinywe mpaka mama yake akujibu."

Akakata simu, akaivuta sahani yake karibu, akaanza kula matoke yaliyokwisha kupoa huku machozi yakimtoka.